Supu nzito na mkate wa kuoka nyumbani: anza na mkate

Ukitaka supu na mkate vifike mezani pamoja, anza na mkate. Mimi nililijua hilo kwa aibu. Wageni walikuwa wameshakaa, supu ilikuwa imeiva saa nzima nyuma, viazi vimevurugika vyote ndani ya sufuria, na mkate ndio kwanza unaumuka. Tulikula supu kwanza, mkate ukaja wakati watu wanatafuta viatu vyao.

Supu ni mvumilivu. Ikiiva mapema unapunguza moto, unafunika, inakungoja. Mkate haungoji mtu: ukiumuka vya kutosha unataka kuingia kwenye oveni saa hiyohiyo, na ukichelewa unaporomoka. Kwa hiyo saa zote hapa chini ni saa za mkate, na kazi za supu nimezichomeka kwenye mapengo yake. Nimechukulia kwamba mnakula saa 1:15 usiku. Kama kwenu mnakula mapema au kuchelewa zaidi, sogeza saa zote kwa pamoja. Ukijumlisha muda ambao mikono yako ina kazi kweli, haufiki hata saa moja na nusu.

Vitu vya kuandaa

Kwa mkate mmoja mkubwa: unga wa ngano gramu 500, maji ya vuguvugu mililita 325, hamira ya chembe gramu 7 (vijiko vidogo 2 vilivyojaa), chumvi gramu 10 (kijiko kidogo kimoja na nusu hivi), na mafuta kijiko kimoja cha chakula ukipenda. Sukari si lazima.

Kwa supu ya watu 5 au 6: nyama ya ng'ombe gramu 700, maharage makavu gramu 250, vitunguu maji 2 vikubwa, punje 4 za kitunguu saumu, nyanya 3 zilizoiva, karoti 3, viazi 3 vya wastani, mboga ya majani konzi mbili, limao moja, pilipili manga, chumvi, mafuta.

Kuhusu nyama, usinunue steki. Nyama laini ya steki ikipikwa saa mbili inakuwa kama nyuzi za katani. Unayoitaka ni ile ngumu, ya muundi au ya shingo, yenye kano na utando mweupe unaopita katikati, na ikiwa na mfupa ni bora zaidi. Huo utando una kolajeni, yaani protini ngumu ya kano, na kolajeni ikipikwa taratibu kwa muda mrefu hugeuka jelatini. Jelatini ndiyo inayoifanya supu ishike midomo kidogo unapoinywa, na kesho yake ikipoa igande kama jeli. Kwa hiyo nyama ya bei ya chini ndiyo inayofaa hapa.

Kuhusu vipimo: kama una mizani, itumie kwa unga. Kikombe kinadanganya. Ukiuchota unga kwa kuukandamiza, kikombe cha mililita 250 kinaweza kubeba gramu 150. Ukiumwagia kwa kijiko bila kuushindilia, kinabeba 120 au 125. Kwa vikombe vinne tofauti hiyo inafika gramu 100, na hapo ndipo watu husema "nilifuata maelekezo lakini mkate ukawa jiwe". Ukiwa na kikombe tu, utikise unga kwanza, umwagie kwa kijiko, kisha kata juu kwa mgongo wa kisu. Vikombe vinne vya namna hiyo vinakaribia gramu 500.

Usiku uliotangulia: maharage

Chambua, osha, loweka kwenye maji mengi, maana yatavimba. Weka kijiko kimoja kidogo cha chumvi kwa kila lita moja ya maji hayo. Najua umeambiwa chumvi hukaza maharage. Kwenye maji ya kulowekea hufanya kinyume, hulainisha ganda, na yakipikwa hayapasuki hovyo. Kinachoyakaza kweli ni uchachu, na ndiyo sababu leo maharage yatapikwa peke yake hadi yalainike, mbali na nyanya.

Ukisahau kuloweka usiku, loweka asubuhi. Saa 6 hadi 8 zinatosha.

Saa 9:30 alasiri: changanya unga

Maji yawe ya vuguvugu, kiasi kwamba ukitumbukiza kidole husikii joto wala baridi. Hamira ni kiumbe hai. Maji baridi huichelewesha tu, lakini maji ya moto wa nyuzi 60 huiua, na hakuna namna ya kuifufua. Kama hamira yako imekaa kabatini muda mrefu, ijaribu kwanza: koroga kwenye maji kidogo ya vuguvugu (uyatoe kwenye zile mililita 325) pamoja na sukari nusu kijiko, subiri dakika 10. Ikitoa povu juu, iko hai. Ikikaa kimya, tupa, ununue nyingine. Hasara ya hamira ni ndogo kuliko hasara ya unga nusu kilo.

Changanya unga, chumvi na hamira kwenye bakuli kubwa, mimina maji na mafuta, koroga kwa mwiko mpaka usione unga mkavu. Utakuwa na kitu chenye mabonge, kinachonata, kisichopendeza hata kidogo. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, ukiache dakika 20.

Usiruke dakika hizo 20. Unga ukishalowana, gluteni, yaani protini ya ngano inayoliunganisha donge, huanza kujiunga yenyewe bila kuguswa, na ukirudi utakuta lile donge limetulia na halinati kama mwanzo. Nusu ya kazi ya kukanda imeshafanyika wewe ukikata nyama.

Basi kata nyama. Vipande vya ukubwa wa sentimita 4, kwa sababu vitapungua. Vikaushe kwa kitambaa au karatasi ya jikoni, vinyunyizie chumvi, viweke kando.

Saa 9:55: kanda

Toa donge, weka juu ya meza bila kunyunyiza unga. Sukuma kwa kiganja kuelekea mbele, likunje kurudi kwako, ligeuze robo, sukuma tena. Dakika 8 hadi 10. Dakika tatu za mwanzo litanata kwenye vidole na utatamani kuongeza unga. Usiongeze. Kila konzi ya unga unayoongeza hapa utaila baadaye kama ukavu. Lowesha mikono maji kidogo, endelea, na kunata kutapungua.

Utajuaje limetosha? Kata kipande kama yai, kivute taratibu kwa vidole pande zote mpaka kiwe chembamba kama ngozi ya ngoma. Ukiweza kuona mwanga upande wa pili kabla hakijachanika, umemaliza. Kikichanika upesi, dakika tatu zaidi.

Paka bakuli mafuta, rudisha donge, funika, weka mahali pasipo na upepo. Andika saa mahali. Donge linataka kama saa moja na robo, lakini jikoni kukiwa na joto kali litamaliza kwa dakika 50, na kukiwa baridi litachukua saa mbili. Kinachohesabika ni ukubwa: mpaka liwe mara mbili ya lilivyokuwa.

Saa 10:05: supu inaanza

Sufuria nzito, moto wa juu wa wastani, vijiko viwili vya mafuta. Mafuta yakishapata moto weka nyama nusu yake tu, vipande visigusane, kisha usiviguse kwa dakika tatu au nne. Hili ndilo gumu kwa wapishi wengi. Mkono unawasha, unataka kukoroga. Ukikoroga, au ukijaza sufuria nyama yote kwa mara moja, nyama itatoa maji, maji yatachemka, na utakuwa unaichemsha badala ya kuikaanga. Maji hayapiti nyuzi 100, na rangi ile ya kahawia yenye harufu inataka joto la nyuzi 140 kwenda juu. Ndiyo maana tuliikausha nyama.

Geuza, upande wa pili nao upate rangi, itoe, kaanga nusu iliyobaki.

Sasa angalia chini ya sufuria. Kuna ukoko wa kahawia umeganda. Usiuoshe! Hiyo ndiyo ladha ya supu yote. Punguza moto, weka vitunguu maji vilivyokatwa na chumvi kidogo. Maji ya vitunguu yataanza kuulegeza, nawe usaidie kwa mwiko. Dakika 8, mpaka vitunguu vilainike na kuchukua rangi. Kitunguu saumu dakika moja, kisha nyanya zilizokatwakatwa, uziache zirojeke mpaka mafuta yatokeze pembeni. Kama ukoko umekuwa mweusi badala ya kahawia, huo umeungua, na supu itakuwa chungu. Hapo ndipo pekee unapoosha sufuria na kuanza upya na vitunguu.

Rudisha nyama pamoja na maji yake yote iliyotoa, mimina maji lita 1.5. Yakikaribia kuchemka, povu la kijivu litapanda. Liengue kwa kijiko. Kisha shusha moto mpaka uone kiputo kimojakimoja kikipanda hapa na pale. Moto wa mabua hauivishi muundi. Supu ikichemka kwa fujo nyama hukaza na mchuzi huwa wa vumbivumbi. Funika, uache mwanya mdogo.

Ukiwa hapohapo jikoni, mwaga maji yaliyolowekewa maharage, suuza, weka maji mapya yanayopita juu ya maharage kwa vidole vitatu, bandika kwenye jiko la pili. Haya, tofauti na nyama, lazima yachemke kwa nguvu kwanza, dakika zisizopungua 10 za kububujika kweli. Maharage mekundu mabichi yana lektini ambayo hutapisha mtu vibaya, na kupikwa kwa joto la chini hakuiondoi. Ukiwa na sufuria ya umeme ya kupika polepole, usiyaweke humo yakiwa mabichi. Baada ya hapo punguza moto, yatokote mpaka yapondeke ukiyabana kwa ulimi na kaakaa, kama saa moja hadi moja na robo. Yakikataa kulainika hata baada ya saa mbili, huenda ni ya zamani, au maji yako yana chokaa nyingi. Kipunje cha magadi kitasaidia, kipunje tu, kwa sababu kikizidi maharage huwa na ladha ya sabuni.

Hapa una karibu saa nzima ya kukaa. Kaa.

Saa 11:20 jioni: umba mkate

Chovya kidole kwenye unga mkavu, bonyeza donge mpaka pingili ya kwanza. Shimo likirudi lote upesi, bado. Likibaki au likirudi nusu taratibu, tayari. Bakuli zima likiporomoka, umechelewa. Kanda kidogo, uliumbe, na awamu ya pili iwe fupi.

Libandue lidondoke juu ya meza yenye unga kidogo, libonyeze kutoa mapovu makubwa. Vuta ukingo mmoja, ulete katikati. Zunguka hivyo mpaka uwe umekusanya pande zote kama mtu anayefunga kifurushi. Geuza, upande wa mikunjo uwe chini, na kwa viganja viwili livute kuelekea kwako huku likizunguka, mpaka ngozi ya juu ikazike. Mkazo huo ndio unaoufanya mkate upande juu badala ya kutambaa kama samli. Liweke juu ya karatasi ya kuokea, funika, dakika 40.

Saa 11:35 washa oveni, nyuzi 230, na humo ndani uweke sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko kama unayo. Dakika 25 za kupasha si nyingi. Taa ya oveni huzimika hewa ikishapata moto, lakini chuma bado.

Saa 12:00 jioni: oka

Chana juu ya mkate kwa wembe au kisu kikali, mstari mmoja wa kina cha sentimita moja. Bila hivyo mkate utajipasua wenyewe, popote utakapotaka. Shika karatasi kwenye ncha zake, ushushe mkate ndani ya sufuria ya moto, funika, rudisha kwenye oveni. Dakika 20 za kwanza mfuniko unazuia mvuke wa mkate wenyewe, na mvuke hulifanya ganda libaki laini kiasi cha kuuruhusu mkate kupanda. Kisha ondoa mfuniko, dakika 15 zaidi ganda likauke na kupata rangi. Kama huna sufuria ya namna hiyo, tumia trei, na chini yake weka trei nyingine tupu iliyoshika moto. Ukiingiza mkate mimina kikombe cha maji yanayochemka kwenye ile ya chini na ufunge mlango upesi. Jihadhari na uso wako.

Wasio na oveni nao hawajakosa. Umba mkate bapa, unene wa vidole viwili, uweke kwenye sufuria nzito iliyopakwa mafuta, uumuke humohumo. Mfuniko uzungushie kitambaa kikavu ili matone ya mvuke yasiurudie mkate, ncha zake uzifunge juu, mbali na moto. Moto wa chini kabisa dakika 25, geuza, dakika 15 hadi 20. Ganda halitakuwa la kuvunjika, lakini ni mkate halali.

Wakati mkate uko ndani, mimina maharage kwenye supu pamoja na mchuzi wake mzito. Kabla ya hapo toa vikombe viwili vya maharage, uyaponde kwa mwiko, uyarudishe. Huo ndio uzito wa supu, na hauhitaji unga wala maziwa.

Saa 12:35: mkate unatoka, viazi vinaingia

Gonga chini ya mkate kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama ngoma yenye uwazi, umeiva. Ukilia butu, dakika tano zaidi. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 95 katikati.

Uweke juu ya wavu wa kupoozea, si juu ya meza, la sivyo chini kutalowana. Sasa ondoka karibu nao. Ndani bado unaiva. Wanga haujatulia, na ukiukata sasa kisu kitatoka na tope, na kilichobaki kitakauka kabla ya asubuhi. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na methali hiyo kwangu ilitungwa na mwoka mikate. Dakika 40 angalau. Bado utakuwa na joto.

Viazi na karoti, vipande vya sentimita 2, viingie kwenye supu sasa. Dakika 25 hivi. Vingeingia na nyama vingekuwa uji. Onja chumvi hapa kwa mara ya kwanza kwa dhati, kwa kuwa maharage hunywa chumvi nyingi. Ukizidisha, usihangaike na ule ushauri wa kutumbukiza kiazi kizima: kiazi hunywa maji yenye chumvi, hakichagui chumvi peke yake. Ongeza maji, au maharage yasiyo na chumvi kama yalibaki.

Saa 1:05 usiku

Mboga ya majani iliyokatwa, pilipili manga, dakika tano. Zima moto. Kamulia nusu limao, koroga, onja, kisha amua kuhusu nusu ya pili. Supu iliyopikwa saa tatu huwa imepooza ladha hata chumvi ikiwa sawa, na watu wengi huongeza chumvi wakati kilichokosekana ni uchachu.

Kata mkate kwa kisu chenye meno, vipande vinene. Nyama ya mfupani itoe, uichambue, uirudishe.

Wasiokula nyama waifuate njia hiyohiyo bila nyama, ila wawape vitunguu dakika 25 badala ya 8 na waongeze uyoga uliokaangwa mkavu mpaka uwe kahawia. Wakiivisha maharage mapema, supu nzima huiva upesi zaidi.

Vinavyobaki

Supu isilale jikoni. Igawe kwenye vyombo vidogo ipoe upesi, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Hukaa siku tatu hadi nne, na kila unapoipasha iwe inafukuta hasa mpaka katikati. Itakuwa imeganda na kuwa nzito kuliko jana, kwa hiyo ipashe na kikombe cha maji na tone jipya la limao.

Mkate usiuweke kwenye friji, hukauka upesi kuliko ukiwa mezani. Siku mbili ndani ya kitambaa, upande uliokatwa ukitazama chini, juu ya ubao. Utakaozidi hapo ukate vipande, ugandishe, na uchome kimojakimoja bila kuyeyusha. Ukikauka kabisa kabla hujauwahi, uvunje vipande chini ya bakuli na umimine supu ya moto juu yake. Nyumbani kwetu kuna wanaoungoja ukauke.